Sifuri na Nafasi Tupu

Shangani, Mtwara
Jioni, kesho unasafiri

Redempta mwanangu,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua, maana nakusikia hapo barazani ukibishana na baba yako juu ya kamba ya sanduku. Yeye anasema ipitishwe mara ya pili, wewe unasema sanduku si mbuzi. Basi salamu tuziache. Na mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutokukaa nje melini bila sweta, shangazi yako ameyamaliza tangu mchana na sidhani amenibakizia hata moja. Mimi nataka kukuandikia juu ya lile uliloniambia siku tulipokuwa tunabangua korosho, ambalo sikukujibu.

Najua ulingoja jibu. Uliona nimenyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Moshi wa maganda ulikuwa umenijaa machoni, mafuta yake yamenichoma kidole, na mtu aliyeungua kidole hatoi shauri la maana. Halafu siku zikapita, wageni wakawa wanakuja kukuaga, na kila nilipotaka kuanza palikuwa na mtu jikoni. Nawe unanijua: jambo nikilieleza nalieleza tangu mwanzo wake, na humu ndani mkiniona navuta kiti mnakumbuka kazi zenu zote. Karatasi haina pa kukimbilia.

Ulisema kwamba ukifika Chuo Kikuu, siku ya kujiandikisha mwaka wa pili, utaliacha somo la takwimu za uchumi, hili linalofanywa kwa kompyuta, na mahali pake utachukua historia. Ulisema, "Mama, mimi kwa ile mashine ni sifuri." Ukageuza korosho kwenye debe kama mtu aliyemaliza maneno.

Kabla ya hapo ulikuwa umenisimulia kilichotokea. Nakirudia kama nilivyokisikia, ili kama nilielewa vibaya uone nilipopotelea. Mlipewa majibu ya familia za wakulima, mkatakiwa kuyatoboa kwenye kadi ngumu kwa mashine yenye vitufe kama vya taipu, familia moja kadi moja, kila tundu na tarakimu yake. Kompyuta yenyewe haiguswi na mwanafunzi. Imewekwa kwenye chumba chenye baridi, na ninyi mnapeleka mafungu yenu ya kadi dirishani pamoja na kadi chache za maagizo zinazoiambia mashine ifanye nini, mnaambiwa rudini kesho. Kesho mnapewa karatasi pana yenye majibu. Za wenzako zilionyesha wastani wa mavuno unaoingia akilini. Yako ilionyesha kwamba watu karibu hawakuvuna kitu. Mwalimu akaisoma mbele ya darasa akasema, "Kwa hesabu za Ndugu Redempta, wakulima hawa walikwisha kufa njaa, na aliyewahoji alihoji makaburi." Darasa likacheka, na tangu siku ile wakakuita Mama Sifuri, hata kwenye foleni ya chakula.

Kwa hayo makaburi nami nilicheka kidogo moyoni, na sasa nimekuambia ili lisinikae. Lakini kilichonikaa zaidi ni kile ulichofanya baadaye. Nilikuuliza kosa lilikuwa wapi. Ukachukua kijiti, ukachora kadi kwenye majivu, na safu zake, na matundu. Ukanieleza kwamba familia nyingi hazikuwa na jibu la mavuno, pengine hazikukutwa nyumbani, pengine karani alisahau kuuliza, na wewe pale uliacha nafasi tupu bila tundu. Kumbe mashine ikikuta nafasi tupu inaisoma kuwa sifuri. Haijui tofauti kati ya mtu ambaye hakuvuna kitu na mtu ambaye hakuulizwa. Ni lazima iambiwe. Unachagua tarakimu ambayo haiwezi kuwa jibu la mtu yeyote, unaitoboa kwa wote wasiojibu, halafu kwenye kadi ya maagizo unaiambia: ukikutana na hii, mruke huyu, usimhesabu.

Ulieleza yote hayo huku unakoroga korosho kwa mkono mwingine, na mimi ambaye kompyuta sijaiona hata kwa dirisha nikaelewa mara moja. Ukaongeza, kama jambo lisilo na maana, kwamba wenzako waliandika kadi za maagizo kwa kunakili za mmoja wao, na wewe ulitengeneza zako mwenyewe. Kisha ukasema wewe ni sifuri. Nikakutazama. Nilitaka kusema neno, ndipo moshi ukageuka upande wangu.

Sasa nikuambie habari zangu mbili, nianze na ile ndogo.

Tulipohamishiwa Mtwara kutoka Songea wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mimi nilikuwa bibi shamba pekee katika ofisi yetu, wengine wote mabwana shamba, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka nilipewa kazi ya kujumlisha makisio ya mavuno. Ofisini palikuwa na mashine ya kukokotoa hesabu, ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, yenye mkono ubavuni. Ukiuzungusha mbele inajumlisha, ukiuzungusha nyuma inatoa. Mashine ile ilikuwa inalia kama mlango wa kanisa. Sasa wewe ulikulia huku huoni ajabu, lakini sisi wa Songea minazi hatukuwa nayo. Nilipofika pwani nikaona watu wanatumia mafuta ya nazi kwa kila kitu, kwenye nywele, kwenye sufuria, kwenye taa, mpaka kwenye mguu ulioteguka, nami nikaamini hakuna lisilowezwa na mafuta yale. Nikayatia kwenye mashine.

Ikazunguka vizuri sana, bila sauti. Mkuu wetu, Ndugu Mushi, alinisifu mbele ya watu. Kisha ukaingia mwezi wa saba, wakati ambapo asubuhi za Mtwara mtu anatafuta shuka, na mashine ikagoma. Asubuhi mkono hauendi mbele wala nyuma. Mchana jua likishaingia dirishani, unakwenda. Ndugu Mushi akawa anawaambia wageni wa kutoka mkoani kwamba takwimu za ofisi hii hazipatikani asubuhi, mpaka zianikwe kwanza.

Watu walicheka, nami nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa nimeanza kuamini kwamba tatizo ni mkono wangu. Niliona wenzangu wakiugusa mchana unawaitikia, nami nikiugusa asubuhi unanikatalia, na sikufikiri kuhusu saa, nilifikiri kuhusu mimi. Nilikwisha kutunga hata maneno ya kumwomba Ndugu Mushi anirudishe kwenye kazi ya kupima mashamba. Ndipo siku moja nikiwa navaa, baba yako akachukua chupa yangu ya mafuta ya nywele dirishani, akaipindua, na hakikutoka kitu. Yalikuwa yameganda meupe kama samli. Akaniuliza, "Na ile mashine yako uliitia mafuta gani?"

Ndugu Mushi alikuwa likizo. Niliifungua mashine kwa bisibisi ya kuazima, nikatandaza vipande vyake juu ya gazeti, nikavisafisha kwa mafuta ya taa. Ndani, mwanangu, hakukuwa na siri yoyote. Magurudumu yenye meno, moja linasukuma jingine. Halafu nikaenda Mikindani, kwenye duka la Mzee Gulamu, kununua mafuta mepesi ya cherehani. Mzee Gulamu alikuwa mtu wa kuuliza habari ya kila mzigo unaotoka dukani kwake.

"Cherehani yako inashona nini, mama?"

Nikamwambia, inashona korosho.

Akafikiri. "Ikimaliza," akasema, "niletee suruali moja."

Sikueleza haya ili ujue kwamba mama yako ni fundi. Nataka tu ukumbuke kwamba mashine ile haikuwa na habari na mimi. Haikunidharau wala haikunipenda. Iliganda kwa sababu mafuta ya nazi huganda. Na kompyuta yenu haikucheka, Redempta. Waliocheka ni vijana wenzako, ambao kadi zao ziliandikwa na mtu mmoja, na mwalimu aliyekuwa na mzaha tayari mdomoni. Mashine ilisoma kile ilichopewa, ikanyamaza.

Habari ya pili ni kubwa zaidi. Nusu yake unaijua, maana ndiyo ile ambayo baba yako akitaka kunichokoza husema, "Mama Redempta, mwaka huu mikorosho imezaa mapacha." Ninyi watoto mlicheka bila kujua mnacheka nini, na mimi sikuwahi kukaa niwaeleze.

Ilikuwa baada ya watu kuhamia vijijini. Unakumbuka jinsi ilivyokuwa, nyumba zilizotawanyika mashambani zikaachwa, kila mtu akaenda kujenga kwenye mstari mmoja na wenzake, karibu na shule na zahanati iliyoahidiwa. Nilitumwa kwenye kijiji kimoja kipya kando ya Ruvuma, mbele kidogo ya Kitaya, kuandika mazao. Maswali yalikuwa yametoka mkoani, yamepigwa taipu kwa Kiswahili safi, na moja liliuliza: una mikorosho mingapi katika shamba lako la kijijini?

Balozi wa nyumba kumi alinizungusha. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Fatu, mwanamke wa Kimakonde, mrefu, mjane, mwenye chale usoni na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nikamsomea swali. Akageuka akatazama kiwanja chake, mihogo michanga na mpapai mmoja, akasema, "Hakuna." Nikaandika sifuri. Nyumba ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Nikaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari. Kazi ambayo ingenichukua siku nzima iliisha mapema, tukala wali wa mpunga mpya na samaki wa mtoni, nikarudi Mtwara kwenye Landrova ya idara nikiimba.

Usije ukafikiri sikuona. Niliona. Nchi nzima ile ni mikorosho, na mimi naandika kijiji kizima kisicho na mkorosho hata mmoja. Mahali fulani kichwani pangu palisema, hapa pana jambo, acha wazi, utauliza tena. Lakini karatasi yenye nafasi tupu ilikuwa inaonekana kama uvivu, na karatasi iliyojaa sifuri ilikuwa inaonekana kama kazi. Nikapeleka iliyojaa.

Basi msimu ulipofika, magunia matupu yakagawiwa vijiji kwa kufuata karatasi zile. Kijiji cha Bibi Fatu hakikupata hata moja, kwa sababu kilikuwa hakina mikorosho. Mimi sikujua. Baba yako wakati huo alikuwa karani kwenye ghala la korosho karibu na bandari, na jioni moja tukila akaniambia kwamba kijiji fulani cha kule Ruvuma, jirani na kile nilichokwenda mimi, mwaka ule mikorosho yake imezaa mapacha, maana magunia yake yanakuja na kuja, na miti haikuongezeka. Mimi ndiye mtaalamu wa mazao ndani ya nyumba. Nikamweleza. Nikaanza na mvua, nikaingia kwenye udongo, nikapita kwenye kupalilia, nikaeleza mpaka samaki wake akapoa. Akanisikiliza kwa heshima yote.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Lakini mikorosho haizai mapacha."

Juma lilelile nikaomba gari nikarudi. Nilimkuta Bibi Fatu njiani, ana kapu la korosho kichwani, na nyuma yake wanawake wengine na makapu yao, wote wanaelekea kijiji cha jirani. Nikamsalimu shikamoo, nikamsaidia kutua mzigo. Nikamuuliza kwa upole, maana nilianza kuhisi baridi tumboni, kama hakuniambia siku ile kwamba hana mikorosho.

"Hapa sina," akasema. "Uliniuliza ya hapa."

"Na hizi zinatoka wapi, bibi?"

"Kule mahame." Akaonyesha kwa kidevu upande wa msituni, walikokuwa wanaishi kabla ya kuhama. "Mimi nimehama, bibi shamba. Nkorosho haukuhama."

Wale wanawake wakacheka, na yeye akacheka, wala si kwa kunisuta. Alidhani habari ya mahame naijua, kama kila mtu, na kwamba serikali kwa sababu zake yenyewe ilitaka kujua ya kijijini tu. Kwa nini amsumbue mgeni na asichoulizwa?

Nilikwenda nao hadi mahame. Nyumba zilikuwa zimeanguka, zimebaki nguzo na vizingiti, na katikati yake mikorosho imetanda, imezaa mpaka matawi yanagusa chini. Kijiji kizima kilikuwa na mikorosho yake kule. Wanawake wale walikuwa wanatoka kijijini kwenda mahame kuokota, wanarudi, halafu, kwa kuwa kwao hakuna magunia, wanajitwisha tena mpaka kijiji cha jirani ili korosho zao zitiwe kwenye magunia ya wenzao na zipimwe kwa jina la wenzao. Ile njia ya pili, kutoka kijijini hadi kwa jirani, nilikuwa nimeitengeneza mimi kwa kalamu.

Nilipomweleza Ndugu Mushi, alikuna kichwa. "Sifuri ikishafika mkoani, Bibi Shamba, ni mali ya mkoa." Lakini alikuwa mtu mwema. Tulikwenda pamoja, tukakaa kwenye benchi la ofisi ya mkoa, tukaeleza, tukaambiwa tuandike, tukaandika. Msimu ule ulikwisha kuharibika. Uliofuata, swali likabadilishwa likawa: una mikorosho mingapi, popote ilipo? Nikalirudisha kijijini mwenyewe. Bibi Fatu alikaa kwenye kizingiti, akafumba macho, akaanza kuutaja mmoja mmoja, huu alioupanda mumewe wakati wa mahari, huu ulioota wenyewe palipokuwa na jalala, huu alioupanda alipomzaa Saidi, huu ambao nyani wanaupenda. Nilichoka kuandika kabla yeye hajachoka kutaja. Na magunia yakaja.

Sasa naona hapo barazani kumetulia, nadhani baba yako ameshinda na kamba imepita mara ya pili.

Ulipochora kadi yako kwenye majivu, Redempta, nilimwona Bibi Fatu. Kile ambacho mashine yenu inafanya bila kujua, mimi nilikifanya huku najua. Tena sifuri zangu ziliumiza kijiji kimoja, na njia ikawepo ya kukaa kwenye benchi na kuzirekebisha. Mashine yenu, kama ulivyonieleza, inameza kadi za mkoa mzima kabla chai haijapoa, na karatasi pana ikitoka inaonekana imekamilika, safu zimenyooka, hakuna atakayeona kwamba ndani yake kuna watu waliogeuzwa kuwa hawana kitu. Ninyi mtakaomaliza masomo hayo ndio mtakaowaambia wakubwa wapeleke wapi magunia, wapi mbegu, wapi mahindi ya njaa. Ningependa sana pale dirishani asimame mtu mmoja ambaye, akiona kijiji kizima hakina mikorosho, tumbo litamwingia baridi.

Wewe umekwisha kuingiwa na baridi hiyo. Umeipata mapema, mbele ya darasa, kwa bei ya jina la utani. Mimi niliipata nikiwa mtu mzima, na aliyeilipia alikuwa amebeba kapu.

Nikuambie waziwazi ninachotaka, maana mzazi anayesema "amua mwenyewe mwanangu" mara nyingi amekwisha kuamua. Nataka ubaki na takwimu. Nataka upeleke tena kadi zako dirishani, zile ulizotengeneza mwenyewe, na zikirudi na kosa upeleke tena. Lakini historia nayo si mahali pa walioshindwa. Ukinionyesha kwamba umeipenda, kwamba unaamka unaiwaza, nitakupigia vigelegele mpaka majirani waje kuuliza ni harusi ya nani. Ninachokukatalia ni kwenda huko kwa kukimbia karatasi moja pana na mzaha mmoja wa makaburi.

Maana ulisema wewe kwa ile mashine ni sifuri, na hilo, mwanangu, silikubali hata kama mtaalamu wa mashine ni wewe. Sifuri ni ya mtu aliyeulizwa vizuri akajibu hakuna. Wewe umejaribu mara moja, mwaka wako wa kwanza, na hata kosa lako unaweza kulichora kwenye majivu mpaka mama yako akalielewa. Hapo hapajajazwa bado. Paache wazi. Ukifika siku ya kujiandikisha na bado hujui, nenda ukaketi na kadi zako kwanza, jiulize upya, uone utakachojibu.

Kitu kimoja kuhusu kadi. Ulipotusimulia juu ya yule msichana ambaye fungu lake lilimwanguka ngazini, kadi zikatawanyika na upepo, akakaa akilia hajui ipi ianze ipi ifuate, baba yako hakusahau. Anasema kule ghalani, wakishapanga rundo la magunia, hupiga mstari wa chokaa ubavuni, wa mshazari, kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini. Gunia likitolewa au likibadilishwa mahali, mstari unavunjika, kila mtu anaona. Anasema fungu lako la kadi ulishike liwe sawa, upige mstari hivyohivyo kwa kalamu juu ya kingo zake. Zikianguka, utazirudisha kwa kufuata mstari. Nimefikiri sana nimeshindwa kupata kasoro.

Tena tangu alasiri ameichukua tyubu ya ile baiskeli yake ya zamani, anaikata vipande vyembamba vya mduara vya kufungia kadi. Utavikuta kwenye kona ya sanduku, ndani ya soksi. Usivicheke kwa harufu, ni mpira imara.

Ameingia sasa hivi na kisu mkononi, ananisimamia begani lakini hasomi, ni mtu wa adabu. Ameniuliza, kwa sauti ya chini ili usisikie, kama nadhani utarudi kwenye ile mashine, maana kama unakwenda historia mipira hii yote ya nini.

Nimemwambia sijui.

"Basi usiandike kitu hapo," akasema, na ameketi kwenye kigoda karibu nami, anaendelea kukata.

Mama yako